Daftari, Futi na Chupa ya Mafuta



Ukimwuliza mtu aliyeanza mazoezi juzi lengo lake ni nini, mara nyingi atakujibu kwa kilo. "Nataka nishuke hadi sabini." Ukimwuliza atafikaje huko, jibu linarefuka na kupoteza mshiko: atapunguza kula, atakimbia asubuhi, ataacha wali usiku. Nimekuja kuwasihi tupange kinyume cha hapo. Lengo liwe tendo, kitu ambacho mtu akiamka anaweza kukifanya au kutokukifanya kabla jua halijazama. Kilo zitazamwe mara mojamoja, kwa utulivu, na zisipewe nafasi ya kuamua kama siku imekuwa njema au mbaya.

Nianze na mizani yenyewe, iwe ya bafuni au ile ya kijana anayepima wapita njia pale stendi. Mizani hujumlisha vyote: mifupa, misuli, mafuta, maji, na chakula ambacho bado hakijatoka tumboni. Mtu mzima anaweza kupanda au kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache bila kuongeza wala kupunguza mafuta yoyote ya maana. Akila harusini Jumamosi chakula chenye chumvi nyingi, Jumapili mwili umeshikilia maji. Kwa wanawake, siku za kukaribia hedhi hufanya vivyo hivyo. Halafu ipo akiba ya wanga ambayo ini na misuli huihifadhi, iitwayo glaikojeni. Kila gramu yake hukaa na gramu zipatazo tatu za maji. Ndiyo maana anayeacha ugali ghafla huona kilo mbili zimeondoka ndani ya wiki, akashangilia. Siku anayorudi kwenye ugali zinarudi zote, naye anavunjika moyo na kuacha hata matembezi yaliyokuwa yanamfaa. Kushangilia na kuvunjika moyo, vyote viwili vilihusu maji.

Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, kile cha kugawanya kilo kwa mita zilizozidishwa zenyewe, kina asili ya mbali na kliniki. Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, alikiweka katika miaka ya 1830 akitafuta sura ya mtu wa wastani katika jamii nzima. Kinafaa kulinganisha mkoa na mkoa, au nchi na nchi. Kwa mtu mmoja kinaweza kupotosha, kwa sababu hakitofautishi misuli ya mbeba mizigo na kitambi cha karani. Kwa hiyo mimi hupendekeza kamba. Kata kamba yenye urefu wako, ikunje nusu, kisha izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kama kawaida. Ncha zikikutana, uko pazuri. Zisipokutana, mafuta yanayozunguka ini na utumbo yamezidi, na hayo ndiyo yanayohusiana zaidi na kisukari na maradhi ya moyo. Uingereza sasa inawashauri watu wazima kipimo hikihiki: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Ukiwa na futi ya fundi cherehani, pima mara moja kila mwezi, uandike. Mjamzito hahusiki na kipimo hiki.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kujulikana na kila Mtanzania, kwa sababu liligunduliwa hapa kwetu. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanyika miongoni mwa Wahadzabe, kando ya Ziwa Eyasi. Aliuongoza Herman Pontzer, mwanaanthropolojia wa Marekani, na miongoni mwa waandishi wenzake yumo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walipima watu wazima 30 wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda ya porini na kurina asali. Wanaume walikuwa wakitembea kwa wastani zaidi ya kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu kilomita 6. Watafiti waliwapa maji maalumu ambayo mabaki yake hufuatiliwa kwenye mkojo, na kwa njia hiyo wakahesabu nishati yote ambayo kila mwili ulitumia kwa siku kadhaa, usiku na mchana.

Ilitarajiwa nambari kubwa, na haikuonekana. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, Wahadzabe walitumia nishati kwa siku sawa na Wamarekani na Wazungu wanaoshinda wameketi.

Maelezo ambayo Pontzer ameyajenga tangu hapo ni kwamba mwili hupanga matumizi kama mwenye nyumba ambaye mshahara wake haubadiliki: nauli ikipanda anabana kwingine, na mwisho wa mwezi jumla ni ileile. Miguu ikitumia zaidi, kwa maoni yake, kinga ya mwili inayofanya kazi pasipo sababu hutulia, na homoni za msongo hupungua. Wapo wataalamu wanaobishana naye kuhusu kiasi gani cha nishati hubanwa kwa njia hiyo. Lakini mtu yeyote aliyekimbia miezi mitatu na kitambi kikabaki palepale anajua kwamba hesabu tuliyofundishwa ina kasoro. Programu ya simu inakuambia umekimbia nusu saa, umechoma kalori mia tatu, basi unaweza kula mia tatu zaidi. Msikubali. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima saa saba za mkononi zinazotoa hesabu ya aina hiyo. Nyingi zilisoma mapigo ya moyo vizuri; kwenye nishati iliyochomwa, hata iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Je, basi mazoezi ni kazi bure? Hapana kabisa. Kwa Wahadzabe haohao, shinikizo kubwa la damu ni adimu na mishipa yao ina afya ambayo wengi wetu mjini tumeshaipoteza. Tunachojifunza kwao ni kugawa kazi. Mazoezi ni ya moyo, mishipa, sukari ya damu, mifupa na usingizi, na humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Kiuno hupungua zaidi kwa kinachotendeka jikoni. Anayeweka malengo mawili tofauti, moja la miguu na moja la sufuria, halaumu miguu yake kwa kosa la sufuria. (Nawataja Wahadzabe kwa heshima na shukrani. Ni raia wenzetu ambao ardhi yao imekuwa ikimegwa miaka nenda rudi, na haki yao ni kubwa kuliko faida tunayoipata kwa kuwapima.)

Lengo la miguu ni jepesi kulitaja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu ya hizo akienda kwa nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Mwendo wa wastani unaujua kwa kinywa: unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na kumi kumi zikijumlishwa zinahesabika. Anayeshuka daladala kituo kimoja kabla ya chake, asubuhi na jioni, anaweza kuwa amemaliza sehemu kubwa ya deni.

Wengi wenu mmeshika hatua 10,000. Nambari hiyo ilianza na biashara: mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua ambacho jina lake lilibeba elfu kumi, na nambari ikasafiri duniani. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa na I-Min Lee walichapisha hesabu za wanawake 16,741 wa Marekani, wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Bibi anayetembea 2,700 leo hana haja ya kuonyeshwa 10,000 na kukata tamaa. Mwekeeni 3,500 mwezi huu.

Misuli tunaisahau, na inaniuma, hasa kwa wazee. Kuinuka kutoka kwenye mkeka bila kushika kitu ni jambo la utu uzima wote. Mzee aliyelipoteza anaanza kutegemea watu hata kwenda chooni. Chuchumaa na kuinuka mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. Siku mbili kwa wiki, ukishika meza kama ni lazima. Andika idadi. Mwezi ujao ongeza mbili.

Nije jikoni, ambako ndiko nilikotaka kufika.

Njia inayosifiwa zaidi duniani ni kuandika kila unachokula na kuhesabu kalori. Inafanya kazi kwa wanaoiweza. Hatuna uhaba wa majedwali: Tanzania ina jedwali lake la virutubisho vya vyakula lililotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe, na Harvard, Kenya ina lake la 2018. Humo mna vyakula vyetu ambavyo programu nyingi za simu hazivitambui. Lakini jedwali linadhani kila mtu ana sahani yake. Sisi tunakula kwenye sinia, watu watano, mikono mitano. Mama anaonja mchuzi mara nne, anamalizia ukoko, kisha anakula mwisho alichobakiziwa. Nani atapima gramu zake?

Kwa hiyo nashauri tupime nyumba. Andika kwa kalamu kwenye chupa ya mafuta tarehe uliyoifungua, na siku inapokwisha andika daftarini imedumu siku ngapi na walikula watu wangapi. Lita moja ya mafuta ya kula ni gramu 900 na ushee, kila gramu kalori 9. Chupa nzima ni zaidi ya kalori 8,000. Nyumba ya watu sita inayomaliza lita kwa siku tatu, kila mmoja anapata takriban kalori 460 kwa siku kutoka kwenye chupa peke yake, kabla ya wali, kabla ya nyama. Lita hiyo ikidumu siku sita, kila mmoja amepungukiwa na kalori kama 230 kwa siku. Hakuna aliyenyimwa chakula alichokizoea. Hakuna aliyetengewa sahani ya mgonjwa. Anayenunua mafuta ya kupima aandike kipimo na siku, hesabu itatoka ileile. Watu wa pwani wahesabu na nazi, maana mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale mazito yanayopandisha lehemu. Tui la kwanza na la pili si sawa, na wapishi wanalijua hilo kuliko mimi. Watoto wadogo wasibanwe: wanahitaji mafuta kukua, na uji wao utiwe karanga.

Sukari nayo ipimwe hivyohivyo. Ushauri wa kimataifa ni kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtu wa kalori 2,000 ndiyo gramu 50, na bora 25. Katika nyumba yetu ya watu sita, kilo moja ikiisha kwa siku tatu, tayari mko juu ya kikomo. Ikidumu wiki, mko pazuri. Hapo bado hatujahesabu soda, na chupa moja ya mililita 350 mara nyingi ina gramu 35 au zaidi. Chumvi: gramu 5 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo idumu siku zisizopungua 17 kwa watu sita. Ukikumbuka kwamba mkate na samaki wa chumvi vinakuja na chumvi yao, idumu zaidi ya hapo.

Kipimo hiki kinafichua kitu kingine. Baba anayetangaza kwamba yuko kwenye dayati ilhali hajui mafuta hununuliwa lini, amemwekea mkewe lengo bila kumshirikisha. Anayeshika mwiko ndiye anayeshika lengo. Aketishwe mezani mwanzoni, na wengine waende sokoni, wamenye, waoshe, ili kubadilisha mapishi kusiwe mzigo mwingine juu ya kichwa chake.

Malengo ya kuongeza hudumu kuliko ya kukataza. Fungu la mchicha, matembele au mnafu kila siku. Maharage au choroko mara nne kwa wiki. Dagaa, ambao ni protini ya bei nafuu tuliyo nayo. Na wapo kati yenu ambao shida yao ni wembamba. Kwao lengo ni kuongeza karanga, mayai na chakula cha saa nne, na daftari ni lilelile.

Kuhusu daftari, nina ushahidi wa aina mbili. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu wachache walioamini kwamba wanakula kidogo sana na bado hawapungui. Walipopimwa kwa njia ya yale maji maalumu, ilionekana walikuwa wanataja chakula kwa upungufu wa asilimia 47, na shughuli za mwili kwa kuzidisha asilimia 51. Siamini walikusudia kudanganya. Kumbukumbu ya mtu aliyechoka jioni ndivyo ilivyo. Ushahidi wa pili ni utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja liliwekewa malengo mawili, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutimiza dakika 150 za mwendo kwa wiki, na likafundishwa kuandika linachokula na linavyotembea. Katika kundi hilo kisukari kilipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metformin walipata asilimia 31. Angalieni ukubwa wa lengo la uzito: mtu wa kilo 90 alitakiwa kupunguza kilo 6 na kitu, na ikatosha kuleta tofauti hiyo.

Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Dakika za kutembea, idadi ya kuchuchumaa, vinywaji vyenye sukari, saa za kulala. Mistari minne, uiandike siku hiyohiyo. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, ana madaftari ya mazoezi aliyoyaandika kwa mkono mwaka baada ya mwaka chini ya mwalimu wake Patrick Sang. Mtu mwenye uwezo wa kununua kifaa chochote duniani bado anashika kalamu.

Kuna kikwazo ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji. Hapa kwetu ukipungua unaulizwa: "Mbona umekonda, unaumwa?" Tuliokuwa wakubwa miaka ya tisini tunajua swali hilo lilibeba hofu gani, wembamba wa ghafla ulihusishwa na UKIMWI, na watu walifichwa ndani kwa sababu yake. Anayenenepa baada ya ndoa anaambiwa amenawiri, ndoa imemkubali. Mwanamke aliyeweka lengo la kilo analazimika kujitetea mbele ya mawifi na majirani. Aliyeweka lengo la tendo ana jibu fupi: "Natembea, shangazi, karibu tutembee wote." Nimeona jibu hilo likimaliza mjadala, na mara nyingine likileta mwenza wa njiani.

Wenza ni muhimu kwa sababu njia zetu si salama. Mwanamke hawezi kuambiwa atembee saa kumi na moja alfajiri peke yake gizani. Mitaa mingi haina njia ya waenda kwa miguu, na ilipo, bodaboda na meza za biashara zimeikalia. Nasema hili kwa uchungu: halmashauri inayojenga barabara bila njia ya miguu imewanyima maelfu ya wakazi lengo lao kabla hawajaliandika. Mpaka hapo tutakapopata barabara zinazotujali, vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam na Zanzibar vinafanya kazi kubwa ya kuwapa watu ulinzi wa wingi.

Mtanidai muda: itachukua siku ngapi hadi mwili uzoee? Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walichapisha utafiti wa watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya. Kati yao siku 66 ndiyo ilikuwa nambari ya katikati, kuanzia 18 hadi 254. Walichonifurahisha nacho zaidi ni hiki: kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kwa hiyo ukurasa mtupu mmoja si sababu ya kutupa daftari. Fungeni tendo kwenye jambo ambalo tayari hamlikosi: baada ya sala ya alfajiri, baada ya kuwapeleka watoto shuleni, mara tu kengele ya kazini ikilia. Msimu ukibadilika, tendo lihame. Masika, ruka kamba barazani. Ramadhani, tembea kabla ya futari au baada ya tarawehe, na chupa ya mafuta iangaliwe kwa makini zaidi, maana kalimati, bagia na sambusa huimaliza nusu ya muda wa kawaida. Mwenye kisukari azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Jambo la mwisho ni kwa wenye presha. Ukiwa na mashine nyumbani, keti dakika tano, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, uandike zote, hata zile zisizokupendeza. Kliniki hutazama 140 kwa 90. Nyumbani kikomo ni 135 kwa 85. Daktari ana dakika chache kwa kila mgonjwa, na kipimo kimoja alichochukua ukiwa umetoka kugombania daladala hakimwambii mengi. Mfungulie ukurasa wenye vipimo vya wiki moja au mbili na dakika zako za kutembea, naye ataweza kuamua kama dozi iongezwe, ipunguzwe au ibaki. Usiipunguze mwenyewe kwa sababu futi imeshuka.

Sasa tuingie kwenye maswali, na naomba tuanze na wale wanaopika.